Siku Vitu vya Bibi Vilipokwisha Kupakwa

Wiki iliyopita jirani yangu alikuwa anapaka vanishi mlango wake wa mbele. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu, harufu ya tina ya kuzimulia rangi ikapenya dirishani, nikazima jiko nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu ni vitunguu tu vimeniwasha macho. Nimeona afadhali niyaandike haya, kwa sababu kumsimulia uso kwa uso najua nitashindwa.

Ninyi mliokua wakati mmoja na mimi mtakumbuka kwamba kiti cha nyumbani hakikuwa kitu cha kutupa. Kikilegea mguu kinapigwa msumari, kikichakaa kinakwanguliwa na kupakwa upya, na maisha yanaendelea. Leo watu wananunua makochi ya maganda ya mbao, yakiloa maji mara moja yanavimba kama maandazi, wanayatoa nje wananunua mengine. Siwalaumu, hata mimi ninalo moja sebuleni.

Tulikaa Nyahanga, Kahama, kwenye nyumba ya vyumba vitatu na chumba kimoja cha uani. Mama alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni. Baba alikuwa mchimbaji mdogo, leo yuko upande wa Geita, kesho Masumbwe, popote aliposikia duara, yaani shimo la machimbo, limeanza kutema dhahabu. Chumba cha uani kilikuwa changu peke yangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, mtoto pekee, na tusifichane, nilikuwa mchoyo. Kitanda changu, shuka yangu, msumari wangu wa kuning'iniza begi la shule. Mgeni akija nilikuwa namwangalia kwanza mikononi kama amekuja na mzigo wa mtu wa kukaa siku nyingi.

Likizo ya mwezi wa sita ndiyo kwanza imeanza, kirikuu kikasimama mbele ya nyumba yetu, nyuma kimejaa mbao nyeusi. Nilidhani ni kuni. Kumbe ni vitu vya bibi, mama yake mama: kitanda, kabati la vyombo lenye milango ya wavu, meza fupi, viti vinne, na isumbi, kile kigoda cha miguu mitatu cha wazee wetu. Vyote vimeshika masizi hadi huoni nyuzi za mbao. Bibi mwenyewe alikaa mbele pamoja na dereva, amejifunika khanga mbili, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama akashusha vitu vyote uani, akanivuta kando, akasema kwa sauti ambayo hata bibi aliisikia: bibi amekuja tumtengenezee vitu vyake, vikiisha atarudi kwake. Atalala chumbani kwangu, mimi nitatandikiwa mkeka.

Sasa niwaambie ninyi kile ambacho mimi sikuambiwa mpaka nilipofika kidato cha pili. Kijijini kwa bibi, upande wa Samuye, jina la kijiji nitalimeza, mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Kabla matanga hayajaanuliwa akafuata wa pili. Watu wakaanza kutafuta mchawi. Bibi alikuwa mjane, anaishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Mekundu kwa moshi, kwa nini kingine? Kwa zaidi ya miaka arobaini mwanamke yule alikuwa anapuliza moto wa mabua ya pamba na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Lakini mliokulia kwetu mnajua macho ya namna ile yamewahi kuwapeleka wapi bibi vizee wa watu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji na bibi ndiye aliyempigia mama simu. Hakusema mengi. Alisema mje mmchukue mama yenu, msingoje Jumapili.

Na bibi hakutaka kuja. Wanawe wawili wa kiume walikwisha kufariki, akabaki binti yake huyu mmoja, na binti ameolewa. Kwetu mama mkwe hakai kwa mkwewe. Hali naye, hampi mkono, wakikutana njiani mmoja anapisha, wanaamkiana kwa mbali kila mtu akitazama pembeni. Kukiwa na jambo la lazima, mtoto anasimamishwa katikati awapelekee maneno, hata kama wote wawili wanasikiana vizuri. Bibi alimwambia mama kwamba kuliko kwenda kuzeekea kwenye nyumba ya mkwe wake, heri wamkute palepale alipo. Ndipo mama akabuni habari ya vitu. Akamwambia basi njoo kama mgeni mwenye shughuli, tukwangue vitu vyako, tuvipake, kisha urudi navyo. Kijijini nako wakatangaza kwamba vitu vinakwenda kwa fundi mjini, bibi amevisindikiza. Kwa maneno hayo bibi akapanda gari.

Mimi sikuwa na habari. Nilichosikia ni kimoja tu, kwamba vikiisha atarudi. Nikavihesabu palepale uani, vitu vinane, nikaona si kazi ya kutisha.

Nawaambia nilimchukia siku zile za mwanzo. Alikoroma. Alinuka moshi na samli, na shuka yangu ikaanza kunuka hivyo hivyo. Aliamka kabla ya jogoo, akakaa kitandani kwangu akiongea na Mungu wake kwa Kisukuma, polepole, akiwataja watu mmoja mmoja, na mimi kule chini kwenye mkeka nimejifunika kichwa nahesabu vitu vinane.

Kazi ilianza na kitanda. Mama alipanga iwe yake na bibi, jioni akisharudi kutoka shuleni. Alinunua msasa karatasi moja moja, kopo dogo kabisa la vanishi, brashi moja. Jioni anakwangua ubao mmoja, anasimama, anashika kiuno, anasema kwa leo inatosha. Akipaka, anasema tusiguse siku tatu, haijakauka. Mwezi wa sita, Kahama! Jua lile la kupasua midomo, nguo nzito inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili, na mama anasema vanishi haijakauka. Kabati aliliweka rangi ya bluu, akalitazama juma zima, akasema bluu haikai vizuri, ikwanguliwe lote tuweke kijani. Nilimwona mama yangu mzembe. Nilimwona hajui kazi. Nilimwonea hata aibu, kwa sababu majirani walikuwa wanapita na kuuliza, Mama Kabula, hiyo kazi bado tu?

Nikaamua kuifanya mwenyewe. Mama aliondoka asubuhi na mapema kwenda kuwapikia wanafunzi waliobaki na kurudi saa tisa, na kati ya saa hizo nilikuwa mimi, bibi, na uani pakavu. Nikamwambia bibi tusimngoje mama. Alinitazama kidogo kwa yale macho yake, akasema haya, lete kioo.

Hapo ndipo nilipojua nani fundi. Bibi hakuanza na msasa. Alivunja kipande cha kioo cha dirisha, akakishika kwa kitambaa, akakivuta juu ya ubao kuelekea kifuani, na masizi yakatoka yamejikunja, meusi, membamba. Chini yake ikatokea rangi sijapata kuiona. Nyekundu ya kahawia, yenye mistari, na harufu yake tamu ikapanda puani. Nikauliza ni mbao gani. Akasema ni mninga, babu yako alikileta kitanda hiki mwaka ule pamba ilipokubali, na tangu siku hiyo hata mimi sijaiona rangi yake tena. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini yeye alisema kwa Kisukuma, Kiswahili alikitumia kwa watu wa serikali tu.

Alinifundisha kulowesha ubao kwa kitambaa cha maji ili nyuzi zisimame, kisha kuungoja ukauke, ndipo nipige msasa kufuata mlalo wa nyuzi, kamwe si kukatisha. Matundu ya misumari tuliyaziba kwa vumbi lenyewe la mninga tulilokanda na gundi. Isumbi hakukubali kiguswe na vanishi. Hicho alikisugua kwa majani makavu ya kukwaruza aliyokuja nayo kwenye khanga, kisha akakipaka samli kwa kiganja, akikizungusha mapajani hadi kikang'aa. Mama akirudi anakuta ubao wa kitanda uliobaki umekwisha, mguu wa meza umekwisha. Siku ya kwanza alisimama uani bila kutua mfuko wake. Akaniuliza nani amekutuma. Nikasema hakuna, nimejituma. Akamwangalia bibi, akaingia ndani na mfuko wake. Mlitaka aseme nini? Angenizuia, bibi angeuliza kwa nini.

Juma lililofuata brashi ikapotea. Nikaitafuta nyumba nzima, nikaikuta juu ya dari ya choo, imefungwa kwenye gazeti. Nilidhani ni panya. Niliposema hivyo mama alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

Na bibi, Mungu anisamehe, bibi alidhani nampenda. Kila mwanamke aliyeingia uani kuamkia alioneshwa viganja vyangu vilivyochubuka. Tazameni, anasema, mtoto wa mjini huyu, tazameni anavyonihangaikia. Mimi nimeinama nasugua, nasikia sifa zile, na kichwani nimeshafika kwenye kiti cha tatu. Kinachonisumbua hadi leo ni kwamba hakukosea sana. Mahali fulani kati ya meza na viti nilikuwa nimeanza kumzoea. Alinichekesha. Alinisimulia jinsi mama alivyokuwa mtoto mwizi wa maziwa. Nilikuwa nimeacha kujifunika kichwa alfajiri, nasikiliza, nikajua kwamba nami nimo katika majina anayoyataja. Lakini hesabu nilikuwa nimeshaianza, na mtoto akishaianza hesabu anataka kuifikisha mwisho.

Macho yake niliyaona, nitasemaje sikuyaona. Nilidhani ni vumbi la mbao. Nilimletea maji kwenye kikombe anawe, naye akanawa ili kuniridhisha, akaniambia wabeja, yaani asante, mjukuu wangu.

Katikati ya mwezi baba alikuja mara moja. Alikohoa akiwa bado nje ya uzio ili bibi apate kujifunika, akasimama upande wa pili wa uani, akatoa salamu akiutazama ukuta. Bibi akaitikia akiitazama ardhi. Usiku ule baba alikwenda kulala kwa rafiki yake mtaa wa pili, na asubuhi aliniita akiwa na karanga mkononi, akaniuliza vitu vya bibi vimefika wapi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba vimebaki viti viwili na kabati kumalizia, na kwamba nafanya mimi. Akamenya karanga moja. Akasema nisiharakishe sana, rangi ikikimbizwa inabanduka. Nikamwelewa kuwa anataka kazi safi. Kwa hiyo nikapiga vanishi mikono mitatu badala ya miwili, lakini sikupunguza mwendo.

Kiti cha mwisho kilikwisha siku ya Jumatano. Nakumbuka kwa sababu Jumatano mama alikuwa anachelewa, ndiyo siku ya kupokea maharage shuleni. Nilivipanga vitu vyote vinane uani, kuanzia kikubwa hadi isumbi, jua likavipiga vikawaka. Kitanda chekundu, meza nyekundu, viti vinne, kabati la kijani. Vilikuwa vizuri, sitaki kusema uongo. Bibi akatoka chumbani, akapita akivigusa kimoja kimoja kwa ncha za vidole, akarudi akaketi kizingitini. Nami nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya furaha kabisa, "Bibi, vitu vyako vimekwisha. Unarudi lini kwako?"

 Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akatoa uchafu chini ya ukucha mmoja. Mtoto ana masikio lakini hajui kusikiliza kimya, mimi nilidhani anahesabu siku.

"Umesema kweli," akasema. "Kazi imekwisha. Kesho utanipeleka stendi."

Nikamuuliza kama nimwambie mama. Akasema mama yako amechoka, tusimsumbue, nitamwachia maneno. Mama alirudi giza limeshaingia, vitu hakuviona. Usiku ule bibi alikula vizuri, akamwombea mama heri, mama akalala. Alfajiri mama alipotoka tu, kungali giza, bibi akafunga khanga zake ndani ya shuka kuukuu. Nilimbebea mzigo kichwani. Njia nzima hadi stendi nilikuwa nimechangamka, nikamtafutia gari la Shinyanga, nikamwambia kondakta amshushe Samuye, asimpitishe. Watu walinisifu kwa adabu. Bibi akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia nikae vizuri na mama yangu. Vitu akasema vitafuata. Gari likaondoka nami nikarudi mbio nyumbani, nikavua shuka, nikaifua, nikaanika, nikalala katikati ya kitanda changu nimetanua miguu. Sikupata usingizi. Chumba kilikuwa kikubwa mno.

Mama alirudi saa tisa na kitu. Aliviona vitu uani, vimekauka, vyote. Akaita mama, mama. Nikatoka nikamweleza habari nzima kama ilivyokuwa, hata la kondakta. Nilitegemea aniambie nimefanya vizuri. Mama yangu hakuwahi kunipiga tena baada ya siku ile na hakuwa amenipiga sana kabla yake, lakini pale alinipiga kofi moja, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi la mbao akanikumbatia miguu, akalia kwa sauti ambayo ilileta majirani hadi kwenye uzio. Alikuwa anasema, "Siyo wewe, siyo wewe." Nilijua ni mimi. Kosa lenyewe sikulijua.

Akampigia simu yule mwanamke wa kijijini. Akaambiwa bibi amefika, amekaa nje ya nyumba yake, hakuna anayemsogelea. Mama akachukua khanga aondoke saa ile ile. Kwanza akampigia baba, na baba akiwa Masumbwe akamwambia ajizuie. Nilisikia, maana simu ya mama ilikuwa inapiga kelele. Ukienda wewe hatarudi, baba alisema. Nyumba si yako. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kusema. Jioni baba akaingia kwa pikipiki ya mwenzake, matope ya duara hadi magotini, hakunywa hata maji. Akamwomba mtaani mtu mwenye gari. Alfajiri akaniamsha akaniambia vaa, tunakwenda wote, mimi siwezi kusema naye bila wewe.

Njiani hakunilaumu.  Tulipofika karibu na kijiji akaniambia nikae wima.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya tofali za udongo, imezungushiwa minyaa. Kabla mwezi ule haujaisha ilichomwa moto, na leo pale pamelimwa choroko. Tulipokuwa tunapita njiani, mwanamke mmoja aliyekuwa anatwanga akawavuta watoto wake ndani akafunga mlango. Baba alimwamkia mzee mmoja, mwangaluka, na mzee akageukia ng'ombe wake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima ananyimwa salamu. Ndipo nikaogopa. Habari ya macho sikuijua bado, lakini nikajua kwamba mahali hapa ndipo nilipompeleka bibi kwa mikono yangu, nikamwambia na kondakta asimpitishe.

Alikuwa ameketi chini, amenyoosha miguu, ameegemea ukuta. Mlango nyuma yake ulikuwa wazi na niliona hadi ukuta wa ndani, kwa sababu ndani hamkuwa na kitu. Kitanda chake, meza yake, viti vyake, vyote vilikuwa vinang'aa Kahama uani kwetu. Alilala wapi usiku ule sijawahi kuuliza. Alipomwona baba akavuta khanga usoni.

Baba akasimama kwenye minyaa, hakuingia uani. Akageuza uso upande wa barabara. "Kabula," akasema, "mwambie bibi yako nimekuja kumwamkia."

Nikatembea hatua kama kumi na mbili, nikamwambia. Bibi akasema nimwambie salamu amezipokea, na kwamba asamehe, hana kiti cha kumpa mgeni. Nikarudi nikasema.  Mimi nikawa nimesimama katikati, mbele yangu mikono ya bibi iliyonifundisha kushika kioo, nyuma yangu baba.

"Mwambie bibi yako vitu vyake nimeviona, vimependeza, amevimaliza. Ila na mimi pale nyumbani nina vitu vyangu. Vimechakaa, na fundi sina."

Nikapeleka. Bibi hakusogea. Upepo ulikuwa unavuta ncha ya khanga yake na yeye anairudisha. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza jambo la kawaida kabisa, "Muulize ni vingapi."

Mimi sikuhitaji kuuliza. Vitu vya baba nilivijua vyote: meza moja, viti vitatu kwa sababu cha nne kilivunjika, kitanda chao, na kabati la nguo lenye mlango mmoja. Sita. Kwa mwendo wangu mimi na bibi ni wiki mbili, tatu tukipiga mikono mitatu. Lakini nilitumwa, nikageuka, nikauliza.

Baba alikuwa bado anatazama barabarani. 

"Mwambie ni vingi," akasema. "Mwambie havitaisha."

Nikarudi kwa bibi, safari hii hatua zile kumi na mbili zilikuwa ndefu. Alikuwa ameishusha khanga, ananitazama mimi moja kwa moja kwa yale macho yake mekundu, mimi niliyemhesabia kitu kwa kitu hadi akaondoka. Nikajua kwamba neno la baba amekwisha kulisikia. Alikuwa anangoja langu.

"Bibi, baba anasema ni vingi, havitaisha," nikasema. Halafu nikaongeza la kwangu, ambalo sikutumwa na mtu. "Na mimi mwenyewe nimevihesabu, bibi. Ni kweli."

Aliendelea kunitazama. Kisha akanyoosha mkono nimsaidie kusimama.